Gauni Jeupe Juu ya Chanja

Harufu ya usipa haibishi hodi. Inaingia, inachagua mahali pa kukaa, na ikishakaa hata ufungue madirisha yote haina haraka ya kuondoka. Ijumaa Kuu iliyopita mama yangu alipanda kutoka Mbamba Bay kuja kula Pasaka kwetu Mbinga, na kama kawaida yake hakuja mikono mitupu. Alileta ndoo ya usipa wakavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, imefungwa kitenge juu, akaiweka chumba cha nyuma, pale pale ninapotundika sare zangu nyeupe za kazi. Mimi ni muuguzi. Nilirudi kutoka zamu ya asubuhi miguu imevimba, nikafungua mlango wa chumba kile, na kabla hata sijamwamkia mama yangu nikaibeba ile ndoo hadi kibarazani.

Niliporudi ndani aibu ilikuwa imeshanishika. Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo. Aliitikia, akanitazama kuanzia juu hadi chini kwa macho yake ambayo sasa yameingia ukungu, akauliza, "Bado unaogopa usipa, Agnesi?"

Ngoja niwaeleze inakuwaje mtu aliyezaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akakuzwa kwa usipa na kusomeshwa kwa usipa, anakimbia na ndoo ya usipa namna ile.

Nilikuwa na miaka tisa. Enzi hizo Mbamba Bay bado ilikuwa chini ya wilaya ya Mbinga, barabara ya kupanda milimani ilikuwa ya udongo, na masika yakikolea gari liliweza kulala njiani siku mbili. Pasaka ilipofika watu walishuka hivyo hivyo. Walishuka wakulima wa kahawa na familia zao, walishuka watumishi wa serikali waliohamishiwa kwetu kutoka Tanga, Singida na kwingineko, Wakristo kwa Waislamu, kila mmoja na watoto wake waliovalishwa nguo za sikukuu. Jumatatu ya Pasaka ufukwe wetu ulikuwa wa watoto. Kulikuwa na mbio za magunia, kuvuta kamba, kufukuza kuku, mashindano ya mitumbwi, na jua likianza kupoa, kioda.

Kioda ni ngoma ya akina mama wa huku ziwani. Wanavaa nyeupe kuanzia kilemba hadi raba, wanapanga mistari iliyonyooka, na wanacheza kwa hatua ndogo ndogo, nyuso zimetulia, mpaka mwenye filimbi apulize ndipo mstari mzima ugeuke kwa pamoja. Mwenye filimbi wa kwetu alikuwa mama yangu. Filimbi yenyewe ilikuwa ya chuma, ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake kwa kamba nyekundu, na sisi watoto tulikatazwa hata kuigusa. Mimi nilikuwa naigusa.

Vikundi vya ngoma hii hualikana. Mwaka mmoja nyie mnakwenda kwao, mwaka mwingine wao wanakuja kwenu, na mwenyeji ndiye anayewalaza wageni, anawalisha, anawachotea maji ya kuoga na kuwafulia sare zao. Hilo la kufua lilikuwa na uzito wa peke yake. Mgeni akishacheza siku ya kwanza akatoka jasho, sare yake haifui yeye, na ikitoka na doa aibu ni ya mwenyeji. Siku hiyo ya kwanza wageni hucheza peke yao na wenyeji hupika. Siku ya pili wanacheza wote, na hapo ndipo watu wanapolinganisha.

Mwaka ule waliokuja walikuwa kikundi cha kijiji cha Lundo. Walifika Jumamosi kwa boti, wakiimba tangu mbali, wakagawanywa nyumba kwa nyumba. Sisi tulipewa watatu na kichanga kimoja. Mkubwa wao alikuwa Mama Editha, mwanamke mpana, mcheshi, mwenye filimbi wa Lundo, na alikuwa na tabia ya kukisifia kitu kisha kuomba kiongezwe. Alisifia maji yetu ya moto, akaongezewa. Alisifia mbasa wa mama, samaki wa ziwani wa kukaanga, wakaongezwa. Nilimpenda sana, kwa sababu alinisifia na mimi.

Nawaambia sasa niliyoyaona, ingawa wakati ule sikujua kwamba nayaona. Nilimwona mama akitwanga muhogo Jumamosi ile kabla jogoo hawajawika. Nilimwona akikaanga samaki, akichota maji ziwani ndoo baada ya ndoo, akibembeleza kichanga cha mgeni ili mgeni apate kulala. Jumapili alitoka kanisani kabla ya mahubiri ili awahi moto. Mchana ule wageni walipocheza, mdundo ulifika mpaka jikoni kwetu, na mama alikuwa ameinamia sufuria kwenye moshi, mikono inasonga ugali na nyayo zinagonga chini kidogo kidogo kufuata ngoma. Baba alikuwa mvuvi, mtu mpole, na kwa heshima ya Pasaka hakwenda ziwani tangu Alhamisi. Kwa hiyo alipumzika. Sisemi kwa ubaya. Mwanaume akipumzika siku zile alipumzika kweli, na hakuna aliyeona ajabu, mama akiwemo.

Mimi shida yangu ilikuwa moja tu. Sikuwahi kumwona mama akiipuliza ile filimbi mbele ya watu. Nilipokuwa mdogo sana nilisinzia mgongoni kwa mtu. Mwaka mmoja niliugua surua. Mwaka mwingine walikwenda wao Lundo, sisi tukaachwa kwa bibi. Safari hii nilikuwa nimejiapiza kwamba nitakaa mbele kabisa, na mama akipuliza, kila mtu ajue kwamba yule ni mama yangu. Darasa zima nilikuwa nimeshalitangazia.

Jumatatu kulipopambazuka mama alifua sare tatu za wageni. Alizifua kwa sabuni ya mche, akazisuuza mara mbili, akazitia buluu, akazitundika kwenye kamba yetu, zikaijaza yote. Gauni lake mwenyewe lilikuwa bado kwenye beseni. Lilikuwa limekaa sandukuni mwaka mzima na naftalini, likawa na mistari ya manjano kwenye mikunjo. "Hilo niachie, nitalifua mwenyewe," aliniambia. Akainama kuchukua ndoo, na alipoinuka nikasikia akitoa sauti ndogo, ya mtu aliyetaka kusema neno akaghairi.

Sikumwachia. Nililifua mimi. Nilisugua kola, nikasugua makwapa, nikatia buluu nyingi kuliko inavyotakiwa, nikalikamua mpaka vidole vikauma. Halafu nikatafuta pa kulianika. Kamba ilikuwa ya wageni. Majani yalikuwa yamelowa kwa mvua ya jana yake. Uani kulikuwa na kuku. Nikaiona chanja.

Chanja ni ile meza ndefu ya miti na matete ambayo akina mama huanikia usipa. Kwa vile watu hawakuvua siku zile, zote zilikuwa tupu, na kamati ya sherehe ilikuwa imewaagiza wenye chanja wazisugue ili wageni kutoka milimani wasizibe pua. Ya kwetu mama alikuwa ameisugua, sijui saa ngapi. Nilisimama mbele yake nikaiona safi, iko juu, jua lote linaipiga. Aliyekulia ziwani haisikii tena harufu ya chanja, na hilo ndilo kosa letu sisi. Mtoto wa milimani asingethubutu. Nikalitandaza gauni la mama juu ya matete, nikanyoosha mikono yake kulia na kushoto, nikalizuia kwa mawe manne, nikaenda zangu kucheza nikijiona mtoto mwema kuliko wote Mbamba Bay.

Saa nane mchana akina mama wa kikundi chetu walikusanyika uani kwetu kuvaa. Mama alilitafuta gauni kwenye beseni. Nikamwambia asubiri, nikakimbia kulileta, nimelibeba kwa mikono miwili kwa adabu zote. Lilikuwa limekauka vizuri. Lilikuwa pia na michirizi ya kahawia mgongoni, kila tete limejichora, na lilinuka. Maji na jua vilikuwa vimeyavuta mafuta ya usipa wa miaka yote kutoka kwenye yale matete na kuyaingiza kwenye kitambaa. Safari hii niliisikia harufu, kwa sababu ilikuwa mahali pasipo pake.

Wa kwanza kusema alikuwa Shangazi Doroti, dada yake baba. Alikuwa na ulimi mwepesi na pua nyepesi zaidi. Alivuta hewa mara mbili, akauliza ni nani aliyeleta mboga kwenye mavazi. Akina mama wakacheka. Mama Editha naye, aliyekuwa amesimama mlangoni na sare yake inayong'aa, akacheka, kisha akakumbuka kuwa yeye ni mgeni, akajifanya anakohoa. Halafu wote wakaliona gauni, wote wakaniona mimi, na kicheko kikaisha.

Sheria ilijulikana. Asiye na sare haingii mstarini, hata awe nani, na kila mmoja alikuwa na sare moja tu, iliyoshonwa kwa kipimo chake. Muda wa kulifua tena haukuwepo. Wengine walianza kuninyooshea vidole, mmoja akasema watoto wa siku hizi mikono yao haitulii. Mama alilipokea gauni bila kuniangalia. Alilikunja, akalikunja tena, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtoto alitaka kunisaidia." Akaingia ndani, akatoka na filimbi, akamvalisha Shangazi Doroti shingoni.

"Wifi, utawaongoza wewe. Usiwaharakishe kwenye kugeuka."

Wakaondoka kuelekea ufukweni, mistari miwili myeupe, na vumbi kidogo nyuma yao. Baba aliniita niende naye. Nikakataa. Mama alitandika mkeka sebuleni, akajilaza ubavu, na nadhani hata hakumaliza kuivuta kanga mpaka begani kabla usingizi haujamchukua. Mimi nikakaa mlangoni. Sikuwahi kumwona mama amelala mchana. Mdomo ulikuwa wazi. Nyayo zilikuwa zimetokeza nje ya kanga, visigino vimepasuka na vina majivu. Niliamini amelala kwa huzuni, na nilikuwa nimesikia kwamba mtu anaweza kufa kwa huzuni, kwa hiyo nikawa namfukuzia nzi na kusikiliza pumzi zake, moja baada ya nyingine.

Kutoka ufukweni nilisikia watoto wakishangilia mbio za magunia, mbio ambazo nilizifanyia mazoezi wiki nzima kwa gunia la baba. Halafu nikasikia ngoma ikianza, kisha filimbi. Mara ya kwanza ilipulizwa mapema mno, watu wakacheka. Nikalia, lakini bila sauti ili nisimwamshe.

Aliamka jua limeinama upande wa Malawi. Akauliza kama wamemaliza. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna aliyewawekea wageni maji ya kuoga. Nikasema hapana. Basi akainuka, akajifunga kanga, akachukua ndoo. Hakunipiga, hakunigombeza, hakulitaja tena lile gauni siku ile wala siku nyingine yoyote. Ningefurahi kama angenipiga.

Filimbi haikurudi. Shangazi Doroti aliizoea, alikuwa na pumzi nzuri, na mwaka uliofuata hakuna aliyeuliza. Mama alishona gauni jingine, akawa anacheza katikati ya mstari pamoja na wenzake. Mimi nikaitwa Agnesi wa Chanja. Shangazi ndiye aliyeanzisha kwa utani, na jina likaning'ang'ania mpaka naondoka kwenda sekondari. Lakini si jina lililoniumiza. Kilichoniumiza ni ule msumari uliobaki peke yake juu ya kitanda cha mama. Kila nikiingia kuchukua kitu nauona. Nilijua nimemnyang'anya mama yangu kitu kimoja kilichokuwa chake mwenyewe, na nimekinyang'anya kwa mikono yangu, na sabuni yake, na buluu yake. Mpaka leo sare zangu za kazi nazifua mwenyewe. Mume wangu alinunua mashine ya kufulia, watoto wanaichezea, sare zangu haziingii humo.

Sasa turudi Ijumaa Kuu, ndoo iko kibarazani na mama ameuliza swali lake. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, nikamwambia siogopi usipa, naogopa nguo nyeupe kunuka usipa, na sababu anaijua. Kisha nikasema jambo ambalo sikuwahi kulisema, mimi mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi. Nikasema, "Mama, nisamehe lile gauni."

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Nililiona," akasema.

"Uliliona wapi?"

"Kwenye chanja. Asubuhi ile ile. Nilipita na ndoo kichwani nikaliona, bado bichi. Nikajua litanuka." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Nikaliacha."

Nilidhani ni uzee unamchanganya. Nikamwomba arudie. Akanieleza polepole, bila kupamba, kwamba alikuwa hajalala vizuri tangu Ijumaa, kwamba kiuno kilikuwa kinawaka moto, kwamba alisimama mbele ya lile gauni na maji kichwani, akafikiria kusimama juani kucheza uso umetulia, halafu kurudi kuwapikia watu wale wale, akaona hataweza. Na pa kulisemea hapakuwepo. Mwenyeji hakuruhusiwa kuchoka mbele ya wageni. Mwenye filimbi asingeweza kusema leo sichezi, wakati Lundo wamevuka maji kuja kushindana naye. Lakini gauni likinuka, nani angemlazimisha?

"Filimbi uliipenda, mama."

"Niliipenda sana. Siku ile nilipenda usingizi zaidi."

Sitawaficha, nilikasirika. Nikamwambia, uliniacha nikinyooshewa vidole. Akasema ndiyo. Nikamwambia miaka yote hii nimeishi na ule msumari. Hapo ndipo aliposimamisha mikono yake, akaiacha juu ya mchele, na akasema alidhani nitasahau, maana watoto husahau. "Kumbe hukusahau," akasema, taratibu sana. Nikatoka kwenda kusimama kibarazani na ile ndoo.

Hasira ilinikaa Jumamosi yote na Jumapili yote, nikiwa kazini, maana wodini hakuna sikukuu. Watoto wangu walikuwa wamepanga Jumatatu tushuke sote Mbamba Bay. Siku hizi ni lami, unatoka asubuhi unarudi jioni, na kule kuna muziki, kuna boti za kuzungusha watoto, kuna mbio za magunia bado, na kioda kipo. Binti yangu Neema, ana miaka kumi, alitaka nimwoneshe mahali alipokuwa akicheza bibi. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa jikoni nafunga chapati na mayai ya safari, na mgongo ulikuwa hauko pamoja nami. Nikajikuta naomba mvua inyeshe. Mvua haikunyesha. Nikaomba gari la baba yao ligome, nikalisikia nje likiwaka vizuri. Nikawaza kuwaambia kwamba kazini wameniita. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na hapo nikajigundua. Nilikuwa natafuta gauni la kuliacha kwenye chanja.

Mama alikuwa amekaa kwenye kona ya jikoni na kikombe chake cha chai. Nadhani alikuwa ameshanisoma kabla sijajisoma.

Nikamwita Neema. Nikamwambia, "Mwanangu, mama amechoka. Siumwi, na wala hamjanikosea. Nimechoka tu. Nendeni na baba, bibi atabaki na mimi."

Maneno yale ni mepesi, lakini mimi yalinichukua muda kuyatoa, na nilipoyatoa sikujua niweke wapi mikono. Neema alinitazama. Akauliza kama nitakasirika wakienda bila mimi. Nikasema sitakasirika. "Basi lala," akasema, akachukua kapu la chapati, akakimbia nje kuwahi kiti cha mbele.

Walipoondoka nikaenda chumba cha nyuma. Mama alikuwa ameshajilaza, ameelekea ukutani, na aliposikia hatua zangu akasogea kunipisha bila kuuliza. Nikajinyoosha kando yake, asubuhi kweupe, na viatu vyangu bado mguuni. Harufu ya usipa iliingia kutoka kibarazani, ikazipita sare zangu pale zilipotundikwa, ikakaa. Sikuinuka kwenda kufunga mlango.